Shaba Niliyoing'arisha

Kutu inanitia kichefuchefu. Sisemi kwa mfano. Nikiona chuma kilicholiwa, chenye rangi ya kinyesi cha mtoto mwenye homa, tumbo linapanda mpaka kooni. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa, kwamba mtu aliyefanya kazi hii miaka zaidi ya arobaini alipaswa kuwa amezoea. Mimi nasema daktari hazoei kidonda. Akikizoea, mkimbie.

Kazi yangu ni kuchovya. Unaniletea bampa ya gari, bomba la sinki, kitasa cha mlango, miguu ya kiti cha kinyozi. Ninakisafisha, ninakizamisha kwenye maji ya dawa, ninapitisha umeme, nikeli inatoka upande huu inakwenda kushika upande ule, na kitu chako kinatoka kama kioo. Sikujifunza darasani. Darasani niliondoka mwaka wa tatu wa msingi, mwalimu akafurahi na mimi nikafurahi. Nilijifunza kwa fundi mmoja aliyetoka Bujumbura, mtu mkali, aliyenichapa mgongoni kwa kitambaa kilicholowa kila nilipozamisha kitu ambacho hakijasafishwa sawasawa. Alinifundisha neno moja tu, na neno hilo likanijengea nyumba Ndera, pembezoni mwa Kigali, na likasomesha watoto watano: nikeli haishiki chuma, inashika usafi. Acha alama ya kidole chenye mafuta juu ya chuma, nikeli itakaa pale kama mgeni ambaye hakukaribishwa, na siku moja itaondoka bila kuaga.

Kipimo chetu ni maji. Unamwagia maji juu ya chuma ulichokisugua. Yakitandaa kama shuka, umemaliza. Yakijikusanya matone matone, kuna uchafu ambao macho yako hayauoni, rudi ukasugue. Wapo mafundi katika mji huu hawamwagii maji. Wanachovya juu ya kutu hivyo hivyo, mteja anaondoka anacheka na bampa yake inayong'aa, na baada ya mvua mbili nikeli inavimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Watu hao nikikutana nao msikitini nawapa salamu kwa sababu dini inataka. Moyoni nawatapika.

Nimesema hayo ili mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya nitakayosimulia.

Binti yangu wa mwisho alikuwa anasoma chuo kikuu, shahada ya pili, fizikia. Wenzake wote niliwasomesha wakaishia kwenye maofisi, wanaandika barua. Huyu peke yake alichagua kitu ambacho nilidhani kiko karibu na kazi yangu. Jumapili moja alifungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula, akasogeza sahani zangu pembeni.

"Baba, kaa hapa nikuonyeshe kazi yako."

"Kazi yangu iko karakana, Kicukiro."

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Kwenye kioo kulikuwa na mipira ya rangi ya chungwa imepangwa kama mayai kwenye trei, trei juu ya trei, trei nne. Juu kabisa mpira mmoja wa njano, peke yake.

"Hii ni nini?"

"Shaba."

"Hiyo?"

"Hizi ni atomu za shaba, Baba. Na huyu wa njano ni salfa, ile inayoifanya shaba iwe nyeusi. Naiuliza kompyuta: atomu moja ya salfa ikishuka juu ya shaba, itakaa wapi? Juu ya kichwa cha atomu moja? Katikati ya mbili? Au hapa kwenye kishimo, nne zinapokutana? Na ikishakaa, imeshika kwa nguvu kiasi gani?"

"Itakaa kwenye kishimo."

Akanigeukia. "Umejuaje?"

"Weka yai juu ya mayai uone kama litakaa kichwani."

Akacheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kumbe kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa imechukua siku tatu kumwambia maneno hayo hayo. Anatuma hesabu kutoka nyumbani, zinapanga foleni kama wagonjwa kituo cha afya, na zikifika mbele mashine inazungusha hesabu ileile, kila mara inarekebisha kidogo, mpaka namba inatulia. Isipotulia anaanza upya. Nilimwona akikaa mbele ya kioo kile anangoja namba itulie jinsi mimi ninavyongoja maji ya dawa yapate moto, na hapo nikamheshimu kidogo. Kidogo tu, kwa sababu niliendelea kuuliza.

"Shaba yako hii ina unene gani?"

"Tabaka nne."

"Nne za nini?"

"Za atomu."

"Na chini yake?"

"Hakuna kitu. Mbili za chini nimezifunga zisisogee, ili zijifanye shaba nene."

"Zijifanye. Na juu yake?"

"Hakuna kitu. Utupu."

"Hewa?"

"Hakuna hewa, Baba."

"Vumbi? Mafuta ya vidole? Moshi wa jirani anayechoma takataka?"

"Hakuna. Ni safi kabisa."

Nikasimama. Nawaambia ukweli, nilichukia. Maisha yangu yote nimeutafuta uso ulio safi kabisa, nimeutafuta kwa msasa, kwa soda kali iliyokula kucha zangu, kwa asidi iliyoniharibu mapafu, na sijawahi kuupata. Ninapata ulio safi wa kutosha, na ukiuacha mezani muda wa kunywa chai, tayari umeshachafuka. Halafu mtoto ambaye hajawahi hata kushika msasa anaamuru kwa kidole, na uso safi unatokea kwenye kioo, huku yeye anakula karanga.

"Hiyo si shaba," nikamwambia. "Hiyo ni malaika."

"Ndiyo maana nataka unikatie vipande, Baba," akasema, wala hakukasirika. "Kompyuta inatabiri. Mizani ndiyo itakayosema kama imedanganya."

Akanieleza. Kutokana na nguvu ya kushika ambayo kompyuta imeipata, yeye atakadiria salfa kiasi gani itajikusanya juu ya shaba kwa miezi saba katika hewa ya Kigali. Halafu atachukua shaba ya kweli, aipime kwa mizani ya chuo ambayo inasikia hata uzito wa unyevu wa kidole, aitundike nje miezi saba, aipime tena. Tofauti ya uzito ndiyo hukumu.

Hilo nililipenda. Nilimkatia vipande kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa nusu ya kitambulisho, kingo nimezilainisha, nyuso zake nimezing'arisha mpaka ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Kwenye kona ya kila kipande nikagonga namba kwa mkono wangu, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Akavipima. Vinne vikatundikwa kwangu Ndera, chini ya ukingo wa bati, ambako hewa bado ina mashamba ndani yake. Vinne kwa shangazi yake Kagarama. Vinne kwenye baraza la duka moja Kicukiro linalotazama barabara ya mabasi. Na chuo kimoja cha nje kilikuwa kimeshampa nafasi ya kuendelea na masomo, mradi tu apeleke cheti chake kwa wakati. Mama yake alianza kununua masweta.

Miezi saba ikapita. Alhamisi moja akaja na kopo la plastiki lenye kifuniko, akamkabidhi mama yake aliweke kabatini. Mimi nilikuwa nakula.

"Nimevishusha vyote, Baba," akasema. "Jumatatu maprofesa wanaviona."

Akaondoka kwenda Huye kwenye harusi ya rafiki yake.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa natafuta miwani yangu kabatini nikaona lile kopo. Nikalifungua.

Nitasemaje? Nilivijua vipande vile kama meno yangu, nilikuwa nimevitoa mikononi mwangu vikiwa jua tupu. Vya Ndera vilikuwa vimefifia, rangi ya chai ya rangi iliyolala. Vya Kagarama vilikuwa na madoa ya kahawia kama mikono ya mzee. Lakini vile vya Kicukiro! Vyeusi, weusi wenye zambarau ndani, na juu yake utando wa mafuta ya magari uliokamata vumbi, kama ulimi wa mtu aliyelala na homa siku tatu. Namba nilizozigonga mwenyewe hazikusomeka. Nikalifunika kopo.

Na nikafikiri hivi. Kazi ya kutundika imekwisha, amesema mwenyewe vimeshushwa. Ameshavipima, kwa kuwa ni nani anayeshusha kitu asikipime siku hiyo hiyo? Sasa kilichobaki ni kuvionyesha. Maprofesa watafungua kopo hili, watauliza nani alikata shaba hii, naye atasema baba yangu, fundi wa kuchovya. Watanitazama kupitia uchafu ule. Mtoto wa fundi wa kuchovya, na shaba ya namna hii!

Nikalibeba kopo. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Unakwenda wapi na kitu cha mtoto?"

"Nakwenda kukisafisha."

"Umeulizwa?"

"Mtu haulizwi kumfuta mtoto wake kamasi."

"Mpigie simu kwanza."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba vitu vyake vichafu? Macho anayo."

"Baba watoto," akasema, bila kuinua uso kwenye ungo, "kuna siku utasafisha kitu hapa nyumbani tutabaki hatunacho."

Nikaenda zangu Kicukiro. Nilivifanyia kazi siku nzima ya Jumamosi, mimi mwenyewe, na wateja wakangoja. Vya Ndera vilikubali majivu na ndimu tu. Vya Kagarama vilitaka asidi ya betri niliyoizimua kwa maji mengi, mara moja, halafu brashi laini. Vya Kicukiro vilinitesa: niliviondolea mafuta kwa soda kali, nikavizamisha kwenye asidi mara tatu, na bado namba tisa ilibaki na kivuli, ikabidi nichukue msasa. Kisha vyote nikavipeleka kwenye gurudumu la kitambaa na sabuni yake ya kung'arishia. Nikamwagia maji. Yakatandaa kama shuka, vyote kumi na viwili. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Nikaomba kipande cha mahameli nyekundu kwa fundi cherehani wa jirani, nikakitandika ndani ya kisanduku, nikavipanga safu kwa safu, kila namba mahali pake.

Binti yangu akarudi Jumapili alasiri. Nikamwekea kisanduku mezani, nikaketi nisubiri anishukuru.

Akafunua. Akatazama muda.

"Baba, viko wapi?"

"Hivyo hapo."

"Vile vyangu."

"Ndivyo hivyo. Si unaona namba?"

Akachukua namba tisa akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta mlango.

"Weusi wake uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Umeutoa ukauweka wapi?"

Hapo ndipo niliposikia kitu baridi. Mtoto mwenye akili zake anauliza uchafu umewekwa wapi.

"Umekwenda na maji," nikasema. "Kwenye mfereji."

Akakaa chini sakafuni, na nguo zake za harusi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Sikuwa nimevipima, Baba. Mizani ya chuo naipata kesho. Ule weusi ndio ulikuwa kazi yangu."

Mama yake alisimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Hakuniambia lile neno lake, nilikuambia. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kukosa kuniambia nilikuambia, na siku ile alinyamaza, nikajua jambo ni kubwa.

Nilitoka nje nikanawa mikono. Sabuni ile ya kung'arishia ina harufu ya mafuta ya ng'ombe, na nilivyonawa ndivyo ilivyozidi kunuka. Nikatapika kwenye majani ya migomba kama mlevi. Nimeshakosea katika kazi, nimeshaunguza vitu vya watu nikaomba radhi. Lakini hapa sikukosea kwa uzembe. Nilikosea kwa ustadi. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule ndiyo iliyomharibia mwanangu, na kila nikivikumbuka vinavyong'aa kwenye mahameli, tumbo linarudi.

Jumatatu akavipima hivyo hivyo. Vilikuwa vyepesi kuliko siku nilipovikata. Nilikuwa nimetoa uchafu wa miezi saba na shaba yenyewe kidogo juu yake.

Jumanne mwalimu wake msimamizi akaja nyumbani. Mtu wa umri wa miaka arobaini hivi, viatu safi, manukato yaliyotangulia mlangoni kabla yake. Tukamkaribisha kwa heshima, mke wangu akamfungulia Fanta. Akanipa pole kwa mikono miwili, akaniita mzee kwa Kinyarwanda.

"Muzehe, usijilaumu. Hakuna kilichoharibika."

"Vipi hakuna kilichoharibika?"

"Kompyuta imeshatupa jibu. Mizani ingetupa jibu lile lile, pengine na tofauti ndogo. Kwa hiyo," akamgeukia binti yangu, "unaandika lile jibu la kompyuta mahali pa uzito, na unaongeza tofauti ndogo. Kipande hiki kizidi kidogo, hiki kipungue kidogo."

"Tofauti ndogo ya nini?" nikauliza.

"Ili ionekane imepimwa, Muzehe."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuvuka barabara. Akaendelea kusema kwamba kitabu cha utafiti wake kinatakiwa Ijumaa, chuo cha nje hakingoji, na vile vipande hakuna mtu duniani atakayeviona tena.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Kwa muda ambao yule bwana alikunywa nusu ya chupa ile, nilitaka binti yangu akubali. Nilitaka kwa moyo wote. Kosa langu lingefunikwa siku hiyo hiyo, masweta yangepakiwa, na mimi ningekwenda uwanja wa ndege nimevaa kanzu mpya. Niliona vyote.

Kisha nikainua macho nikaona binti yangu hamtazami mwalimu. Ananitazama mimi. Nikaelewa kwamba nikikaa kimya ataandika, na ataandika kwa ajili yangu, ili nisiwe mtu aliyemharibia. Angechovya juu ya kutu kwa sababu ya heshima ya baba yake. Nikajichukia kuliko nilivyojichukia Jumapili kwenye migomba.

"Bwana mwalimu," nikasema, "kompyuta inatabiri, mizani inahukumu. Alinieleza mwenyewe, hapo ulipokaa. Sasa wewe unataka mtabiri aandike na hukumu pia?"

Akatabasamu. "Muzehe, mambo haya ni marefu kidogo. Hii ni sayansi. Si bampa ya gari."

"Si bampa, kweli. Bampa ukiipaka juu ya uchafu, mvua inakuumbua. Hii yenu nani ataiumbua?"

"Basi niulize wazi. Unataka binti yako apoteze nafasi yake kwa ajili ya maneno ya karakana? Baada ya wewe mwenyewe kumharibia?"

Hapo alinipiga mahali penyewe. Ni binti yangu aliyejibu.

"Mwalimu, nitaandika kilichotokea."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri tangu Jumapili. Nilikuwa nangoja Baba."

Mke wangu akachukua ile chupa iliyobaki nusu kutoka mbele ya mgeni, akaifunga kwa kifuniko chake.

"Utaondoka nayo, mwalimu," akamwambia, "au umeshiba?"

Alitetea kitabu chake wiki kadhaa baadaye, sehemu ya kompyuta peke yake, na nafasi ya vipande ikawa ukurasa mmoja tu. Nilikwenda nimevaa suti. Walizungumza Kiingereza saa nzima, mimi nikatazama mayai yale ya rangi ya chungwa ukutani, sasa makubwa kama magurudumu. Walipofika kwenye ukurasa ule, mama mmoja aliyekuwa anaongoza kikao akauliza kitu, binti yangu akajibu akiangalia chini. Nikamuuliza kijana aliyekaa karibu nami wanasema nini.

"Ameulizwa nani alivisafisha. Amesema ni mtu wa familia."

Mtu wa familia! Kama vile nimekuwa mwizi wa kuku. Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiswahili, na sauti yangu ni ya karakana. "Mimi ni baba yake. Nilivisafisha mimi."

Watu wakageuka. Yule mama akavua miwani, akanijibu kwa Kiswahili chenye Kongo ndani yake. "Na kwa nini ulifanya vile, Mzee?"

"Vilikuwa vichafu."

Ukumbi mzima ukacheka. Vijana wenye tai, hawajawahi kusafisha hata baiskeli zao, wanacheka mpaka wanajifuta macho. Niliwatazama mmoja mmoja kwa chuki ambayo bado ninayo.

Yule mama hakucheka. "Vilitoka namna gani? Vyote sawa?"

"Sivyo. Vya Ndera ndimu tu. Vya Kagarama asidi mara moja. Vya Kicukiro mara tatu, na namba tisa ikanilazimisha kushika msasa."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Huenda aliandika kwamba mzee aketishwe. Akanishukuru, akaniambia kwa upole kwamba hiyo si namba na haiwezi kuingia kitabuni. Nikakaa. Binti yangu alikuwa ameinua uso.

Alifaulu, lakini kwa alama za chini kuliko alizostahili, na chuo cha nje kikaandika barua fupi ya kusikitika. Masweta mama yake aliyagawa.

Siku ile ya kutetea, baada ya kikao, kulikuwa na juisi na sambusa nje chini ya hema. Mwalimu msimamizi alikuwa anapigwa picha na kila mtu, mkono begani mwa binti yangu, kama vile yeye ndiye aliyemzaa. Akaniona, akaja amenyoosha mkono, meno yote nje.

"Hongera sana, Muzehe! Tumeshinda."

Kwetu fundi mwenye mikono michafu hamnyimi mtu salamu. Anakunja kiganja chake, anakupa kifundo cha mkono, unashika hapo, nguo zako zinapona. Nimesalimia watu hivyo maisha yangu yote. Siku ile mikono yangu ilikuwa safi, nilikuwa nimeisugua kwa jiwe tangu alfajiri, kucha nyeupe. Nikakunja kiganja nikampa kifundo. Akashika. Ilibidi ashike, watu walikuwa wanatazama. Akaangalia mkono wangu safi, akaangalia wake, tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Ndani ya gari binti yangu alikuwa amevimba.

"Umenitia aibu, Baba. Mara mbili. Kule ndani na pale nje."

"Mara tatu," nikasema. "Usisahau asidi."

Hakucheka.

Sasa anafundisha fizikia sekondari moja Kagarama, na anaomba nafasi upya, barua kwa barua. Ananisalimia vizuri, anakula kwetu Jumapili, ananieleza namba zake zikitulia. Lakini shaba hajaniomba tena. Wiki iliyopita kipande kilimdondoka kutoka mkobani, nikakiokota mimi. Ameanza upya, amenunua shaba kwa mtu mwingine, na hasemi atakwenda kuitundika wapi. Kingo zake zina meno kama msumeno, namba imegongwa upande, uso una mikwaruzo ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeiona. Kazi ya aibu. Nilikishika kwa ncha za vidole, nikamrudishia, nikameza mate.

"Asante, Baba," akasema, akakifunga haraka ndani ya kitambaa.

Nikamuuliza kama ataongeza chai.